Sahihi ya Mama Vumilia

Siku mliyoniaga, nyinyi vijana wa kitengo cha amana, mlinipa sufuria kubwa na redio, kisha mkaniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Sufuria inapika kila siku. Redio inaongea kuliko mume wangu. Kuandika ndiko kulikochelewa, kwa sababu kila nikikaa mezani kuna jambo moja linalojipenyeza mbele ya mengine yote, na likija ni kama lilitokea asubuhi ya leo. Nitalifikia. Acheni nianze mlangoni.

Niliingia ofisini nikiwa msichana aliyetoka kumaliza masomo ya biashara, vita vya mjini vikiwa vimenyamaza tu, havijasahaulika. Kuta za jengo letu zilikuwa na matundu ya risasi ambayo mtu alikuwa ameyaziba kwa udongo na kuyapaka chokaa, na kila mvua kubwa ikipiga Bunia udongo ule ulianguka tena. Aliyenipokea alikuwa mzee Anselme, mtunzaji wa kwanza wa amana, mtu mwembamba mwenye koti moja la kahawia ambalo sikuwahi kumwona amelivua.

Alinikalisha akanieleza kazi kwa maneno machache. Kijiji kikipata pampu ya maji, kila familia hutoa kidogo baada ya mavuno, na kamati yao huleta pesa hiyo kwetu Bunia, ili siku mpira ukichakaa au bomba likivunjika, pesa ya kununua kipya iwepo. Pesa hiyo si ya serikali. Serikali inaitunza tu.

Kisha akanipeleka kwenye sanduku la chuma lililokuwa kona ya chumba, refu kufikia kifua changu. Halikuwa na kufuli. Akalifungua kwa kidole. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni na sahani yake ya chakula iliyofunikwa kitambaa, makuta hakuna, hata noti moja.

Nilishtuka hadi nikarudi nyuma. Nilidhani nimeajiriwa na ofisi iliyoibiwa na hakuna aliyethubutu kuniambia.

"Papa, makuta ya watu iko wapi?"

"Iko ku banki," akasema. "Hapa makuta hailale. Inaingia asubuhi, saa sita haijafika imeshatoka. Hii sanduku tunaiacha wazi sababu wageni waone."

Sikuelewa ni wageni gani hadi walipokuja. Sikuwa nimemaliza hata mwezi wa kwanza. Wanaume wanne wenye bunduki, mchana kweupe, wakauliza sanduku liko wapi. Mimi nilikuwa chini ya meza kabla sijajua nimefikaje. Mzee Anselme aliwaonyesha kwa mkono, kama mtu anayekaribisha wageni sebuleni: "Iko pale. Muingie, muangalie wenyewe." Wakaangalia. Mmoja akasonya. Mwingine akachukua sahani ya mzee, akala sombe yote, majani ya muhogo ya mzee, akiwa amesimama, akairudisha sahani mahali pake, wakaondoka. Nilipotoka chini ya meza nilikuwa ninalia. Mzee Anselme alikuwa amenuna kwa ajili ya chakula chake.

"Hata aksanti," akasema.

Hayo mengine niliyofundishwa naye mnayajua, kwa kuwa nami niliwafundisha hadi mkachoka. Kuna akaunti ya ofisi na kuna akaunti ya amana. Mafuta ya gari, karatasi, mishahara, soda za wageni kutoka mkoani, yote hutoka upande mmoja. Upande wa pili hauguswi na mtu isipokuwa wenye kijiji, na wao pia hawaugusi bila watu wawili, mwenyekiti wa kamati na mtunza pesa, ambao walikuja wenyewe banki na kuacha mfano wa sahihi zao. Niliwahi kumwuliza kwa nini wawili. Alisema mtu mmoja unaweza kumlewesha, kumtisha au kumpenda, lakini kuwafanyia wawili hayo yote kwa siku moja ni kazi kubwa.

Mzee Anselme alistaafu akaenda Mambasa kulima kakao. Nikabaki na meza yake na kiti chake kilichokuwa kimelalia upande mmoja.

Kuna miaka nitairuka, lakini siwezi kuiruka ile ya mishahara. Ilipita miezi mingi hatujalipwa. Mkurugenzi tuliyekuwa naye wakati ule aliingia kwangu, akafunga mlango, akaniambia tuazime kwenye amana tuwalipe watu, tutarudisha fedha za mkoa zikifika. Nilimwambia siwezi. Akaniambia ni amri. Nikamwambia hata kama ni amri, banki haitaitikia, kwa kuwa sahihi inayotakiwa si yake wala yangu, ni ya mkulima aliye kwenye shamba lake la mihogo. Alitoka akaubamiza mlango.

Hilo halikunishtua. Kilichonishtua kilitokea ukumbini. Dereva wetu, Zakari, aliyesimamia ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza, alinipita bila salamu, kisha akageuka: "Weye Odette, watoto wako wanakula nini? Wanakula sheria?" Watu walicheka. Nyumbani kwangu siku hiyo tulikula mboga za lengalenga bila mafuta, kama kwao wote. Mishahara ilipokuja, Zakari aliniletea ndizi. Tulikula.

Sasa nimefika.

Kulikuwa na kijiji juu ya Bambu, mlimani, ambacho sitakitaja jina kwa sababu waliobaki wameomba kuachwa wapumzike. Mtunza pesa wa kamati yao alikuwa Mama Vumilia. Wengine walileta pesa kwenye bahasha. Yeye aliileta imefungwa kiunoni, chini ya kitenge chake cha njano chenye ndege, baada ya safari nzima juu ya pikipiki, akafika amejaa vumbi hadi kwenye kope, akicheka. Alikuwa muuza maharagi. Kuandika alijifunza kanisani akiwa mama wa watoto watatu, na kabla ya kutia sahihi alichora jina lake hewani kwa kidole, kisha ndipo akaigusa karatasi. Kila mara alikuja na mdogo wake, Neema, na walifanana hadi mimi mwenyewe niliwahi kumpa Neema risiti isiyo yake. Neema alikitaka kile kitenge. Alimwomba dada yake mbele yangu, na Mama Vumilia akamjibu: "Utakivaa siku nikichoka nacho."

Mwenyekiti wao alikuwa mzee Daniel, mtu wa maneno machache. Na katibu alikuwa Justin, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hakuwa na sahihi banki lakini ndiye aliyewaandikia mambo yao.

Kisha kijiji kikashambuliwa. Nyinyi mliokulia hapa hamhitaji niwaeleze namna habari hizo zinavyofika mjini: kwanza watu barabarani na magodoro vichwani, halafu majina. Sehemu ya wale watu walikaribishwa na ndugu zao kwenye mitaa ya Bunia. Wengi walikwenda kwenye kambi ya wahamishwa, chini ya mahema, na maji waliyokunywa yalitoka kwenye kijito ambacho kila mtu alikuwa anafulia.

Zilipita wiki kadhaa, Justin akaja ofisini na wazee wawili wa kijiji. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzunguka shingo kama kamba. Hakukaa.

"Mama Odette, papa Daniel walimuua. Na Mama Vumilia, walimuua."

Nilishika meza. "Nani alisema?"

"Hakuna mutu alisema. Miye mwenyewe nilimuzika. Nilimukuta karibu na mulango ya nyumba yake. Uso…" Akatazama dirishani. "Sikuangalia mingi. Nilimujua na kitenge yake."

Nililia pale mezani, mbele ya watu, jambo ambalo mzee Anselme asingelikubali. Kisha Justin akaniambia kilichowaleta. Watoto kambini walikuwa wanaharisha. Wawili wa kijiji chao walishakufa. Bomba la mji linapita karibu na kambi, na mwenye mamlaka ya maji mjini amekubali wachukue maji kutoka hapo, lakini watafute mipira ya maji na tangi. Kijiji kina amana yake kwetu. Wanaitaka.

Mkurugenzi wa wakati huo, si yule wa mishahara, alikuwa mtu wa moyo mzuri. Alisikiliza, akavua miwani. "Mama Odette, hawa watu wape leo."

Nilimwambia banki haiwezi kulipa kwa sahihi za watu wawili waliokufa. Na hata kama ingeweza, amana ni ya kijiji kizima, na kijiji kimetawanyika: wengine wako kambini, wengine kwa ndugu zao mtaani, wengine walishika barabara ya Mambasa. Mwenye sahihi akifa, wenye pesa hukutana, wanathibitisha kifo, wanachagua mwingine, na sisi tunashuhudia. Nilisema nitakwenda kambini kesho yake kuuitisha mkutano mimi mwenyewe.

Justin aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi na mamaye.

"Watoto wanakufa, na weye unatafuta mukutano?"

Nikachukua kalamu, nikaandika barua ya kuomba gari la kesho yake.

Kesho yake tulikwenda, Zakari na mimi. Watu wa kijiji walikusanyika katikati ya mahema, wanawake wamekaa chini kwenye matope yaliyokauka, wanaume wamesimama nyuma. Wengine walikuwa wametoka mitaani kwa ndugu zao baada ya kusikia. Nilieleza pesa yao iko wapi, kwamba haijaguswa, na kwa nini nimekuja. Mwanaume mmoja aliyevaa koti la mvua akapaza sauti: "Siye tumezika watu bila mukutano, lakini kutoa makuta yetu, mpaka mukutano!" Wakampigia makofi. Wengine walitaka igawanywe kwa kila familia, biashara iishe. Nilisubiri kelele zipungue, kisha nikauliza kama ninavyotakiwa kuuliza.

"Papa Daniel. Nani alimwona?"

Wakasimama watu watatu, mmoja wao mwanawe.

"Mama Vumilia. Nani alimwona?"

Akasimama Justin.

"Na nani mwingine?"

Hakusimama mtu. Nilirudia swali, nikijichukia kwa kulirudia. Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha, nyuma kabisa, akainua kichwa kama mtu aliyekuwa hasikilizi vizuri.

"Mama Vumilia gani? Ule wa maharagi?"

"Ndiye," nikasema.

"Ule haiko mufu. Nilimuacha Nyankunde, mu hospitali, siku nilitoka na mutoto. Tulikuwa tunalala naye chumba moja."

Sijui namna ya kuwaandikia kilichofuata. Hakuna aliyeshangilia. Mtu angedhani watu watafurahi, lakini walikuwa wameshamlilia, wameshanyoa nywele, na sasa mwanamke anawaambia kwa sauti ya kawaida kwamba marehemu anakula uji Nyankunde. Bibi mmoja alipiga yowe akaanza kumkemea shetani. Yule wa koti la mvua akamwambia mnyonyeshaji aape. Akaapa kwa mtoto aliyekuwa kifuani mwake. Alieleza kwamba Mama Vumilia alipigwa risasi mkononi akiwa shambani, watu wa kijiji kingine wakambeba hadi Bunia, gari la wagonjwa likampeleka Nyankunde. Homa ilimshika siku nyingi hajitambui, na pale aliandikwa kwa jina la ubatizo, Marie, ndiyo maana habari za Vumilia hazikufika kwa watu wake.

Nilimtazama Justin. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Akasema polepole, hakumwambia mtu yeyote:

"Basi nilizika nani?"

Nikaona anajijibu. Niliona jibu linavyomfika usoni, na mimi likanifika pamoja naye. Nikakumbuka kwamba tangu mwanzo hakuna mtu aliyetaja jina la Neema, wala kwa waliokufa wala kwa walio hai. Kila mmoja alidhani amekimbilia upande mwingine.

Nilimwomba twende naye Nyankunde. Akakataa kwa kichwa. "Nitamuambia nini?"

Tukaenda mimi na Zakari. Barabara ilikuwa wazi siku hiyo, vizuizi viwili tu, na kwenye kila kizuizi Zakari alisema tunakwenda kumwona mgonjwa, na ilikuwa kweli. Njia nzima nilijiambia huenda yule mwanamke amekosea, huenda ni Marie mwingine. Nilikuwa sijui ninaomba akosee au asikosee.

Hakukosea. Mama Vumilia alikuwa amekaa kwenye benchi uani, ungo wa maharagi mapajani, anachambua kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uliishia chini kidogo ya kiwiko, umefungwa bendeji safi. Aliponiona alicheka kicheko kile kile, na mimi nikaketi bila kukaribishwa.

"Mama Odette! Umeniletea faida ya banki?"

Nilijaribu kucheka. Aliuliza habari za watoto wangu, habari za Bunia, kama mvua imenyesha. Aliniambia watoto wake wote watatu wako Kisangani kwa baba yao mdogo, salama, alishapata simu. Kisha akasema:

"Mudogo yangu haijakuja kuniona. Neema ni muvivu wa njia, unamujua. Siku ile nilienda shamba, yeye alikuwa na homa, anasikia baridi. Nikamuachia nyumba, nikamufunika na kitenge yangu. Ulimukuta wapi? Iko kambini?"

Nilikuwa nimetoka Bunia kama mtumishi wa serikali, natafuta sahihi. Kwenye mkoba nilikuwa na karatasi za banki na kidau cha wino kwa ajili ya kidole gumba, endapo angeshindwa kuandika. Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo nyingine, ya kupeleka msiba. Mzee Anselme alinifundisha kuacha sanduku wazi.

Nilimwambia, "Mama Vumilia, watu walidhani umekufa. Mwalimu Justin alimzika mtu mlangoni kwako. Mtu mwenye kitenge chako."

Mkono wake ulisimama kwenye maharagi. Kuku alikuja akadona chini ya ungo na hakuna aliyemfukuza. Nilingoja alie, nami nilie naye, lakini hakulia. Alianza tena kuchambua, taratibu, akitupa mabovu pembeni, na aliposema sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

"Justin alimuzika peke?"

"Ndiyo."

"Alisali?"

"Sijui, mama."

"Nitamuuliza."

Zakari, mtu yule aliyewahi kuniuliza kama watoto wangu wanakula sheria, alikuwa amesimama nyuma ya gari amefunika uso kwa kofia, na mabega yanaruka.

Madaktari walimruhusu baadaye, kidonda kilipokauka. Wakati huo mkutano wa kijiji ulikuwa umeshamchagua Justin kuwa mwenyekiti mahali pa mzee Daniel, na kukubaliana: sehemu ya amana inunue tangi na mipira ya kambi, nyingine ibaki kwa ajili ya pampu ya nyumbani. Hakuna aliyejua watarudi lini mlimani, lakini hakuna aliyepinga. Kwa siku chache za kungojea, mkurugenzi yule wa moyo mzuri alipeleka maji kambini kwa gari la ofisi, mafuta yakitoka upande wa ofisi. Niliangalia hilo mwenyewe.

Banki ilituletea mashaka yake. Kijana wa dirishani alichukua karatasi aliyoiandika Mama Vumilia kwa mkono wa kushoto, akailinganisha na mfano wa zamani, akatikisa kichwa.

"Mama, hii sinyatire haifanane na ya kwanza."

Mama Vumilia akaweka kipande cha mkono wake juu ya meza, mbele ya kioo. "Hata mukono haifanane."

Kijana alisimama, akaenda kumwita mkubwa wake, akarudi na maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeyaomba. Tulileta cheti cha daktari na maandishi ya mkutano, wakakubali mfano mpya wa sahihi. Nawaambia hili kwa sababu litawatokea tena, katika mkoa huu wetu, na msimkasirikie kijana wa dirishani. Alifanya kazi yake.

Tangi lile jeusi mnalijua, mnapita mbele yake mkienda kazini. Watu bado wanachota. Lakini kabla halijanunuliwa kulikuwa na asubuhi moja ofisini kwangu, na hiyo ndiyo inayonizuia kuandika mengine.

Wenye sahihi walitakiwa kutia sahihi zao mbele yangu, wote wawili pamoja. Justin alifika kwanza. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kuazima. Tangu mkutano alikuwa hajaonana na Mama Vumilia; yule mama alifikia kwa shangazi yake mtaani, na mwalimu alikuwa akizunguka kambi nzima asipite njia hiyo. Mlango ulipofunguliwa alisimama haraka hadi kiti kikaanguka.

Mama Vumilia aliingia, mkono wa blauzi umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Kaa, mwalimu."

Hakukaa. "Nilifikiri ni weye. Mama, naapa, nilifikiri ni weye. Kitenge…"

"Najua."

"Nilitangaza kufa yako kwa watu wote."

"Wameniambia. Wanasema watu walilia muzuri." Akavuta kiti, akaketi. "Ulimuweka fasi gani?"

"Nyuma ya kanisa, pale kwa mikaratusi ya mwisho. Udongo iko laini pale. Nilichimba na jembe ya shule."

"Ulimufunika?"

"Na kile kitenge. Sikumuvua."

Akaitikia kwa kichwa. Mkurugenzi alikuwa amekuja mlangoni na karatasi mkononi. Alisikia, akabaki pale pale.

"Ulisali?"

"Nilisali. Nilikuwa naogopa, walikuwa bado karibu. Nilisahau maneno katikati, nikaanza tena mwanzo."

"Na ulitaja jina gani?"

Nilisikia pikipiki inapita nje, mwenye mandazi anaita wateja. Justin aliinama, akainua kiti kilichoanguka.

"Yako," akasema.

Mama Vumilia alifumba macho. Nilidhani sasa ndipo atavunjika, nikajiandaa kumshika. Alipoyafumbua alimtazama mwalimu bila hasira yoyote, kama mtu anayemrekebisha mwenzake kosa dogo la kazi.

"Basi utasali tena. Hapa. Utataja yake."

Nimehudhuria ibada nyingi katika maisha yangu. Sijawahi kusikia sala kama ile, iliyosaliwa katika ofisi ya serikali, kati ya kabati la mafaili na kalenda ya banki, na mwalimu aliyesimama mikono imelegea. Alitaja Neema. Alimtaja kwa jina lake, la baba yake na la mama yake. Alifika katikati, akasahau. Na Mama Vumilia akamkumbusha neno, akaendelea. Mkurugenzi aliinamisha kichwa. Zakari alikuwa ameingia bila viatu, sijui aliviacha wapi.

Waliposema amina, Mama Vumilia alifuta uso kwa kiganja, akanigeukia.

"Leta biki, Mama Odette. Watu wanangojea maji."

Niliziweka karatasi mezani. Alianza Justin. Mkono wake ulitetemeka hadi nikaogopa kwamba safari hii banki itaikataa sahihi ya kwake, na karatasi ikawa inateleza juu ya meza kila alipoigusa. Mama Vumilia akasogea, akaikandamiza kwa kile kipande cha mkono wa kulia, akaishikilia pale isisogee, mpaka mwalimu alipomaliza kuandika jina lake.